Jumamosi Isiyo na Mwenyewe

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota niko darasani, nafundisha Kidato cha Tatu, na ubao umekataa kufutika.

Hilo peke yake si la kushangaza. Ubao wa shule yetu hukataa hata mchana kweupe. Nasugua na dasta, nasugua tena, vumbi linaniingia puani, maneno yako palepale: MAMA YUKO KWA PERUSI, KABLA YA JUMAMOSI. Chini yake: MAMA YUKO KWA LAMEKI, BAADA YA JUMAMOSI. Kando kuna lile bano kubwa la kufunga kanuni mbili pamoja. Mwandiko ni wangu, siwezi kuukana.

Perusi ndiye mimi. Mwalimu Perusi, hisabati, Mpwapwa. Lameki ni mdogo wangu, mfanyabiashara wa mahindi kule Kibaigwa. Mama ni mama yetu. Tangu magoti yalipoanza kumsumbua tuligawana malezi: wiki mbili kwangu, wiki mbili kwa Lameki, na siku ya kumhamisha ni Jumamosi. Tuligawana kwa simu, bila ugomvi. Mimi nilisema, "Kwangu atakuwepo kabla ya Jumamosi." Lameki akasema, "Hamna shida dada, kwangu atakuwepo baada ya Jumamosi." Tukatakiana baraka, tukakata simu. Wako watu hugawana wazazi kwa kutoleana mapanga. Sisi tulielewana vizuri kabisa.

Na Jumamosi, jamani, mimi nina kwaya. Kwa hiyo ikifika ile ya kumhamisha naamka alfajiri, namkalisha Mama barazani na mfuko wake, nafunga mlango maana ufunguo ni mmoja, naondoka. Lameki anapita na pikapu yake kumchukua. Anapita saa ngapi, hilo ni la Lameki. Mimi sijawahi kumuuliza, na jioni nikirudi Mama hayupo, kwa hiyo najua amefika. Usiku huo wa ndoto, kulipokucha ilikuwa ndiyo Jumamosi yenyewe, na kwaya ilikuwa inakwenda Kongwa kwenye tamasha. Sare nilikwisha kuipiga pasi, nimeitundika mlangoni.

Sasa turudi darasani.

"Mwalimu," anaita mwanafunzi wa dawati la mbele. Namtazama vizuri, kumbe si mwanafunzi. Ni rula ya ubaoni, ile ndefu ya mbao, imevaa soksi za shule. "Hicho ulichoandika ni fankisheni?"

"Ni fankisheni ya vipande," nasema. "Kila siku ina jibu moja tu, ila kanuni ni zaidi ya moja. Ukiwa upande huu unafuata hii, ukivuka mpaka unafuata ile. Jambo la kitoto. Wewe nani amekuruhusu kukaa mbele?"

"Mkuu wa shule. Amesema uichore grafu yake kabla kengele haijalia."

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Kipindi kimeisha jana."

Ebo! Nashika chaki, nachora mhimili wa chini haraka haraka. Nauandika siku badala ya namba: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mkono haukomi. Chaki inafika mwisho wa ubao, inapita ukutani, inatoka dirishani, nami naifuata kwa kuwa siwezi kuiachia. Ninapogeuka, darasa limebaki nyuma mbali, na mimi natembea kwenye uwanda mweupe usio na mti, umechorwa miraba midogo ya bluu mpaka upeo wa macho. Rula inanifuata ikichechemea, maana miguu haina magoti.

"Hii karatasi ya grafu ni ya nani?" nauliza.

"Ya serikali," inajibu. "Usikunje."

Kanuni yangu inapanda. Kila siku moja ni hatua moja juu, na kweli miguu inaniuma, lakini naona fahari. Jumatatu namkuta Mama ameketi juu ya mstari wangu anakunywa uji. Jumanne namkuta anachambua kunde. Jumatano nipo mwenyewe, namkanda magoti kwa mafuta ya nyonyo, na yule mimi wa Jumatano hata hanisalimii kwa kujiona. Kila siku ina Mama mmoja, amekaa mahali pake, ameshiba.

"Umeona?" naiambia rula. "Hakuna wa kunilaumu."

"Mimi ni wa kupimia tu," inasema rula.

Hapo ndipo anapotokea askari. Ni mwembamba kupita kiasi, kofia yake imepotelea mawinguni na viatu vyake vimepotelea chini ya karatasi, na anakwenda kutoka kushoto kwenda kulia bila kusimama. Hata anapoongea nawe lazima uongozane naye.

"Mstari Wima," anajitambulisha. "Niko doria. Nikigusa grafu mara moja, napita. Nikigusa mara mbili kwa wakati mmoja, napiga filimbi."

"Na usipogusa kitu, afande?"

"Hapo sina la kusema. Ni tundu tu. Kuna watu wanapenda matundu."

"Huchoki?"

"Nachoka sana, mwalimu. Lakini siwezi kulala. Nikilala nitakuwa mstari mwingine, na familia yangu hainijui hivyo."

Nataka kumpa pole, lakini miguu yangu imefika Ijumaa na inaendelea. Mbele yangu mstari unakatika ghafla. Pale ulipokatikia pana duara, jeupe ndani, linapumua.

"Karibu, mwalimu," linasema duara. "Simama hapo hapo. Usinikanyage, mimi ni tupu."

"Nani amekuchora?"

"Wewe. Ulisema kabla ya Jumamosi. Jumamosi yenyewe hukuitaja. Kwa hiyo mimi ni mdomo wazi. Kila kitu chako kinakuja mpaka ukingoni kwangu, na hakuna kinachoingia."

Hilo nalijua. Ndilo ninalofundisha kila mwaka: siku ya mpaka lazima iwe na mwenyewe. Kanuni inayoichukua inawekewa duara lililojazwa, kanuni isiyoichukua inawekewa duara tupu. Ukitoka hapo watoto wanapata alama.

"Wala si tatizo," nasema. "Duara lililojazwa liko kwa Lameki."

"Chungulia," linasema duara.

Nachungulia. Chini kabisa, chini kuliko nilivyodhani, naona kipande cha Lameki. Kimelala tambarare kama sakafu ya ghala, na juu yake Lameki anapima mahindi kwenye mizani, jasho linamtiririka, penseli sikioni. Kipande chake nacho kinaanza na duara. Nalikazia macho. Ni tupu. Liko chini ya langu moja kwa moja, Jumamosi hiyo hiyo, limeachama kuliko hata langu.

Na katikati ya matundu mawili, hewani, ameketi Mama.

Ameketi juu ya mfuko wake wa nguo. Amejifunga kanga yake ya kutokea, kilemba kichwani, mikono juu ya magoti. Hakuna kilichomshika. Anapanda kidogo, anashuka kidogo, upepo ukimsukuma.

"Shikamoo Mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Sijaamka. Unafanya nini hapo?"

"Nasubiri."

"Umekula?"

Mama anafikiri. "Kwani leo ni ya nani?" anauliza.

Mimi najua siku zote kwamba Jumamosi anakula kwa Lameki. Nikamsikia Lameki kule chini akijisemea, huku akifunga gunia, kwamba Jumamosi Mama huja amekwisha kula kwangu.

"Usihangaike," anasema Mama. "Mimi hukaa hapa kila Jumamosi ya kuhama. Asubuhi jua linanipiga upande huu, mchana nasogea upande ule. Yule mama wa jirani hunipa maji akikumbuka. Jioni mdogo wako anakuja, soko likishafungwa. Yeye alisema baada, na neno lake halivunji. Wewe ulisema kabla, na neno lako hulivunji. Nimezaa watu wa kweli."

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningepumua. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni, na kwa kuwa mimi nikiaibika huwa mkali, nikamgeukia Lameki.

"Lameki! We Lameki! Njoo umchukue Mama!"

"Dada!" anajibu toka chini, hata kichwa hainui. "Leo Jumamosi! Soko limechangamka! Kwangu mimi ni baada!"

"Na kwangu ni kabla!"

"Basi wote tuko sahihi!"

"Ndiyo, tuko sahihi!"

"Hongereni," yanasema maduara mawili kwa pamoja.

Kengele inalia. Inalia kila mahali, inatoka hata kwenye miraba. Rula inakakamaa na kusoma tangazo kwa sauti ya mkuu wa shule: karatasi inakusanywa sasa hivi, na chochote kisichokaa juu ya grafu ni uchafu, kitafutwa. "Asiyekuwepo na lake halipo," inamalizia rula, na kukunja soksi zake.

Kwa mbali naliona dasta likija. Ni kubwa, lina ukubwa wa ng'ombe, linakuja polepole likilamba karatasi. Nukta moja iliyodondoka kwa bahati mbaya pale Alhamisi, likailamba. Alama ya kidole, ikaenda. Namtazama Mama, naona ncha za viatu vyake zimeanza kupauka.

Mtume! Akili zangu zote za chuo zikanitoka. Nikafanya kile kile ambacho nawawekea watoto alama nyekundu ya kosa kila muhula: nikaunganisha. Nikashika chaki, nikateremsha mstari ulionyooka toka duara langu juu mpaka duara la Lameki chini, ukapita nyuma ya Mama. "Shika hapo, Mama! Shika huo mstari!"

Mama akaunyoshea mkono. Kabla hajaushika, askari akafika Jumamosi. Akasimama, yeye ambaye hasimami. Alikuwa ameingia ndani ya mstari wangu wote, toka juu hadi chini, na hakuna aliyejua tena askari ni yupi na chaki ni ipi.

"Mwalimu," akasema kwa uchungu, "huyu ni mimi."

"Samahani, afande, nilikuwa na haraka."

"Umenigusa kila mahali kwa mara moja. Mimi nina mke." Akapiga filimbi, chaki ikapukutika yote, ikamwagikia Mama viatuni. Askari akajikung'uta, akarudi mwanzo wa Jumatatu kuanza doria upya.

Dasta limefika Ijumaa.

"Lameki!" napiga kelele. "Mama anafutika!"

Hapo Lameki akainua kichwa. Penseli ikamdondoka. Ni mtu mzima, ana tumbo na mvi mbili tatu, lakini uso alioufanya ni ule wa utotoni alipokuwa akipotelewa na ndama. "Dada, tufanyeje?"

"Jaza! Jaza la kwako, nami najaza la kwangu! Tujaze yote!"

Hakuuliza mara mbili. Akamimina gunia zima la mahindi ndani ya tundu lake. Mimi sina mahindi, nikajaza nilichokuwa nacho mkononi, na katika ndoto nilikuwa na sufuria la ugali. Nikausukuma ndani wote. Maduara yakanyamaza, maana midomo imejaa.

Na kweli, Mama akatua. Akatua juu kwangu. Akatua na chini kwa Lameki. Mama wawili, kila mmoja na kiatu kimoja, kila mmoja na nusu ya mfuko.

"Naomba," akasema Mama wa juu.

"maji," akamalizia Mama wa chini.

Nikampa maji Mama wa juu. Hakuweza kumeza. Koo lilikuwa kwa Lameki.

Nilitamani kulia. Lameki alikuwa tayari analia, anamshikia Mama wake kikombe, na yeye wa chini hana mkono wa kukipokea. Askari akapita kwa mwendo wake ule ule, akamgusa Mama wa juu kwa bega, akamgusa Mama wa chini kwa goti, filimbi ikalia mpaka masikio yakaziba.

"Siku moja, mahali pamoja," akasema huku akienda. "Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mama mzee. Mnirekebishie hapo kabla sijarudi."

Dasta likasimama mbele yetu. Kumbe lina adabu zake. Likapangusa uso, likauliza taratibu, "Nifute yupi?"

Lameki ananitazama toka chini, mimi namtazama toka juu. Kwa miaka yote hiyo tumeongea kwenye simu kuhusu Mama, hatujawahi kutazamana.

"Dada," akasema mwishowe, "wewe ndiye mkubwa. Sema. Ukisema abaki kwangu nafunga mizani sasa hivi, wateja waondoke."

Haki ya Mungu angeifunga. Nilimwona mkono ukienda kwenye mizani, na nyuma yake nikawaona wakulima waliotoka mbali na magunia yao, wamekaa wanangoja kuuza. Na mimi nilichokuwa nacho Jumamosi ni nini? Kuimba sauti ya pili.

"Chota mahindi yako," nikamwambia. "Jumamosi ni ya kwangu."

Lameki akachota. Mama wa chini akapanda juu taratibu kama moshi, akaingia kwa yule wa juu, viatu vikawa viwili, mfuko ukafunga zipu. Nikashusha pumzi. Dasta likapiga hatua moja nyuma.

Lakini ugali ukaanza kuzama.

"Ala! Nini tena?"

"Ugali haujazi duara," ikasema sauti kavu. Ni ile alama ya "ndogo kuliko", inayosimama badala ya neno langu 'kabla' mbele ya Jumamosi. Ilikuwa imeshuka kutoka ubaoni, mdomo wazi kama wa kifaranga, na imesimama juu ya ncha moja. "Mwalimu unashindwaje na hili? Mimi peke yangu maana yangu ni kabla tu. Ili nichukue na Jumamosi yenyewe, nahitaji kile kijistari cha kulala chini yangu. Kile cha 'au sawa na'. Bila hicho, jaza ugali, jaza wali, utadondoka tu."

"Chaki! Nipe chaki nikichore!"

"Chaki umeimaliza kwa askari."

Nikaigeukia rula. "Wewe lala hapo chini!"

"Mimi ni wa kupimia tu," ikasema, na kwa mara ya kwanza ikaona aibu. "Nikilala juu ya kazi ya mtu, nitakuwa nimemsaidia kwenye mtihani."

"Kijistari hicho hutengenezwa na nini, basi?"

"Na mtu," ikasema alama. "Mtu analala chini, ananyooka, anatulia. Si kazi ngumu. Wengi hawaiwezi."

Na hapo hapo, honi. Juu ya mstari wangu, pale Alhamisi, gari la kwaya limesimama linanguruma. Wameimba beti mbili bila mimi na sauti ya pili ina pengo ambalo hata askari angeliona. Mwalimu wa kwaya ametoa kichwa dirishani. "Mwalimu Perusi! Kongwa hawangoji! Panda twende!"

Nimevaa sare. Sijui nimeivaa lini, lakini nimeivaa, mikunjo ya pasi imesimama. Nawashwa mwili mzima. Mguu mmoja unataka gari, mkono unataka Mama, kichwa kinahesabu saa, na mimi kulala chini mchana, mbele za watu, kwa kweli sijawahi. Hata nikiumwa huwa nafua.

Ugali umepita wote. Mama amezama hadi kiunoni.

"Nenda, mwanangu," anasema. "Watakuacha. Mimi nimezoea hapa."

Hilo neno, nimezoea. Bora angenizaba kibao. Nililala. Nililala kifudifudi na sare yangu, nikanyoosha mikono mbele, nikanyoosha miguu nyuma, shavu kwenye miraba. Alama ikapanda mgongoni kwangu, nzito balaa, ikasema, "Tulia sasa. Ukihangaika unakuwa alama nyingine." Nikatulia. Sijui kama umewahi kutulia kweli. Inauma mahali ambapo hujui kama pana misuli. Honi ikalia, ikalia tena, ikaenda zake, na mimi sikuinua hata kichwa.

Chini ya tumbo langu duara likasema, "Mm," likafunga mdomo.

Nikasikia mtu anapanda. Kiatu kimoja kikakanyaga kiuno, cha pili kikakanyaga kati ya mabega. Mama hakuwa mzito, lakini magoti yale yanamfanya aweke mguu kwa kishindo.

"Samahani mwanangu, nakukanyaga."

"Kanyaga tu, Mama."

Akapita juu yangu, akaketi kwenye Jumamosi. Askari akaja na mwendo wake, akamgusa Mama mara moja tu, juu ya kilemba, akapiga saluti, akapita. Dasta likatafuta uchafu huku na huku, likakosa, likaondoka. Nami nikabaki nimelala pale, nimenyooka.

Ndivyo nilivyoamka: kifudifudi, mikono mbele, shavu kwenye shuka. Mimi hulala ubavu tangu nizaliwe. Nje kumepambazuka na honi inalia kweli.

Sare iko mlangoni. Nikaipita. Chumba cha Mama kitanda kimetandikwa. Nikafungua mlango wa mbele, na pale barazani, kwenye benchi, ameketi Mama na mfuko wake, kanga ya kutokea, kilemba, mikono juu ya magoti. Alikuwa amejitoa mwenyewe ili asinicheleweshe.

Nilikwenda getini na gauni la kulalia. Mwalimu wa kwaya akanitazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu, vipi? Mbona hivyo?"

"Nendeni. Siendi."

"Na sauti ya pili?"

"Imbeni moja."

Gari likaondoka na manung'uniko yake. Nikampigia Lameki. Nyuma yake niliwasikia watu wa soko wakibishana.

"Mama leo yuko kwangu," nikamwambia. "Usikimbizane na barabara usiku. Njoo kesho baada ya ibada, umkute amekula."

"Kwani Jumamosi ni ya kwako, dada?"

"Ya kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Na wewe, siku nyingine usiseme hamna shida kabla hujauliza."

"Wewe pia, dada," akasema, na alikuwa na haki.

Nilirudi barazani, nikauchukua mfuko, nikauingiza ndani. Mama akanifuata pole pole akishika ukuta, haulizi kitu, kama mtu anayeogopa kuharibu. Nikapika uji wa ulezi, nikakaanga mayai, nikachemsha na viazi vitamu maana nilishindwa kuacha kupika. Akala. Akala akaongeza. Mimi nikawa nazunguka jikoni, nainua hiki, naweka kile.

"Perusi," akaniita.

"Abee, Mama."

"Hebu kaa chini kidogo. Nipe mgongo."

Nikakaa kwenye kigoda, nikampa mgongo. Akanipangusa gauni kwa kiganja, kiunoni mara moja, kisha kati ya mabega, na vumbi jeupe la chaki likaanguka sakafuni.

"Nilijitahidi kukanyaga taratibu," akasema, "lakini haya magoti."